Mama anapoenda Ufaransa: «Bonjour» kwanza, mengine baadaye



Mwaka uliopita mdogo wangu anayeishi Lyon, Ufaransa, alitujulisha kwamba ana mimba, na kwamba angependa Mama awe karibu naye mtoto atakapozaliwa. Kwetu hilo si jambo la kujadili. Binti akizaa, mama yake anafika. Lakini Mama, ambaye hajawahi kuogopa soko lolote la Bukavu, alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniambia: «Mwanangu, Kifaransa changu kiliishia darasa la tano. Nitaenda kumpatia mdogo wako haya mbele ya watu.»

Mimi ni mwalimu. Ninafundisha Kifaransa tangu nilipotoka ISP na diploma yangu, na nikajiona niko na dawa ya ugonjwa huo. Kwa majuma matatu, kila jioni baada ya kuosha vyombo, tulikaa mezani na daftari. Nilianza kama darasani, na vitenzi. Siku ya nne Mama akafunga daftari. «Verbe être hakitaninunulia mkate,» akasema.

Alikuwa na haki. Tukaanza upya na swali moja tu: siku ambayo Mama atakuwa peke yake, bila binti yake pembeni, atahitaji kusema nini, kwa nani, na kwa adabu gani? Siku hiyo ilifika kweli, nitawasimulia mwishoni. Kwanza nawapa masomo tuliyoyapanga, kwa sababu wengi katika kikundi chetu wako na watoto kule, na mialiko haiishi kufika.

Somo la 1: «Bonjour» ni ufunguo

Kwetu mtu anaweza kufika dukani na kuuliza moja kwa moja: «Sukari bei gani?» Hakuna atakayekasirika. Ufaransa, kuuliza kabla ya kusalimu ni kama kuingia nyumbani mwa mtu bila kupiga hodi. Ukiingia dukani, kwa muuza mkate, kwenye ofisi, ndani ya basi mbele ya dereva, neno la kwanza ni «Bonjour Madame» au «Bonjour Monsieur». Jioni ni «Bonsoir». Hata katika chumba cha kungojea muganga, anayeingia huwasalimu waliokaa, nao humjibu. Ukitoka: «Merci, au revoir, bonne journée.»

Mtu aliyesahau salamu anaweza kupata jibu baridi, kisha akafikiri anachukiwa kwa sababu ya rangi yake au Kifaransa chake. Mara nyingine chuki ipo kweli, siwezi kuwaficha. Lakini mara nyingi mlango ulifungwa kwa sababu ufunguo haukutumika. Uutumie kwanza, ndipo uhukumu.

Tena, «Ça va?» ya kule ni fupi. Sisi tunauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za wagonjwa. Wao wanauliza «Ça va?», unajibu «Ça va, merci, et vous?», na yamekwisha. Usianze kueleza magoti yanayouma. Na barabarani au ndani ya metro, watu wasiojuana hawasalimiani. Ni desturi tu, wala si kiburi.

Somo la 2: Si kila mwanamke ni «maman»

Hapa kwetu kila mwanamke mtu mzima ni «maman», kila mwanaume ni «papa», na ndiyo heshima yetu. Ufaransa, ukimwita muuzaji «maman», atageuka kutafuta mtoto wake. Heshima yao iko katika «Madame» na «Monsieur».

Iko pia katika «vous». Sisi tunapozungumza Kifaransa tunapenda kurukia «tu», hata na mtu tuliyemwona leo. Kule «tu» ni ya watoto, ya jamaa na ya rafiki. Kwa dereva, muganga, jirani na mtu wa ofisi, kaa kwenye «vous» mpaka yeye mwenyewe akuambie: «On peut se tutoyer.» Mama aliuliza: «Na nikisahau?» Nilimjibu kwamba mgeni husamehewa, ila «s'il vous plaît» isisahauliwe. Neno hilo linafunika makosa mengi ya grammaire.

Somo la 3: Namba zetu si namba zao

Hili ndilo somo lililotupa kazi kubwa, nami mwenyewe nimewahi kunaswa nalo. Sisi tulijifunza namba kwa Kifaransa cha Wabelgiji: 70 ni «septante», 90 ni «nonante». Ufaransa 70 ni «soixante-dix», yaani sitini na kumi, na 90 ni «quatre-vingt-dix», yaani ishirini mara nne, ongeza kumi. Basi 75 ni «soixante-quinze», 92 ni «quatre-vingt-douze», 98 ni «quatre-vingt-dix-huit». Namba 80 haitusumbui, maana sisi pia tunasema «quatre-vingts».

Hatari iko kwenye simu. Namba za simu za kule ziko na tarakimu 10, na watu huzisoma mbili mbili, haraka. Mtu akikusomea «quatre-vingt-douze», mkono wako utaandika 80 kwanza, halafu 12, na namba nzima imeharibika. Mambo mawili yanasaidia. La kwanza, kufanya mazoezi kabla ya kuondoka: mjukuu anataja namba, bibi anaandika. Nyumbani kwetu uligeuka mchezo wa jioni, na watoto walishindwa kabla ya Mama. La pili, kujua sentensi hii kwa moyo: «Vous pouvez l'écrire, s'il vous plaît?» Kalamu na karatasi ndogo zisitoke kamwe ndani ya mkoba.

Ukitaka kupiga simu nyumbani ukiwa kule, anza na +243, kisha namba yetu bila ile 0 ya mwanzo. Sisi tukiwapigia, ni +33, na 0 ya mwanzo inatoka vilevile.

Somo la 4: Saa, na chakula cha saa

Mama anahesabu saa kwa Kiswahili: saa mbili asubuhi. Kule ni «huit heures». Saa nane mchana ni «quatorze heures», saa mbili usiku ni «vingt heures». Hesabu yao inaenda mpaka 24, na ndivyo inavyoandikwa kwenye tiketi na kwenye karatasi za hospitali. Kabla ya kujibu «oui» kwa saa uliyotajiwa, iandike.

Kwa wanaobaki nyumbani: kuanzia siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa 3 hadi siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa 10, saa ya Ufaransa ni sawa na yetu ya Kivu. Miezi mingine wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukimpigia mtoto wako saa kumi na moja asubuhi ili umwombee, kwake ni saa kumi, naye anaenda kazini.

Neno lingine la mtego ni chakula. Sisi tunasema «déjeuner» asubuhi, «dîner» mchana na «souper» usiku. Ufaransa asubuhi ni «petit déjeuner», mchana ni «déjeuner», na «dîner» ni chakula cha jioni, mara nyingi saa moja na nusu au saa mbili usiku. Mama akialikwa «à dîner», asifike mchana na njaa yake. Na «rendez-vous» ya muganga au ya ofisi haina nusu saa ya Kiafrika. Ukichelewa dakika 15, unaweza kuambiwa urudi siku nyingine.

Somo la 5: Dukani, sokoni, kwenye dawa

Bei imeandikwa, na bei ni hiyo. Aliyezoea Kadutu hufika sokoni akiwa na maneno mdomoni: «Punguza kidogo, mimi ni mteja wako.» Ayameze. Dukani hakuna kuomba punguzo, na sokoni pia si desturi kwa matunda na mboga. Lyon kuna soko zuri la quai Saint-Antoine, kando ya mto Saône. Mama alipofika pale, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kubonyeza nyanya, kama sote tunavyofanya. Muuzaji akasema: «Non Madame, je vous sers.» Kule muuzaji ndiye anayechagua na kupima. Wewe unaonyesha kwa kidole na kusema: «Un kilo, s'il vous plaît.» Fuata mstari, hata kama ni watu wawili tu. Na uende na kikapu chako, kwa sababu tangu 2016 ile mifuko myepesi ya plastiki haitolewi tena kwenye malipo.

Nyumba ya dawa inajulikana kwa msalaba wa kijani unaowaka. Mwuzaji wake amesoma, unaweza kumweleza maumivu madogo naye akakushauri. Lakini dawa kama antibiotiki haziuzwi bila «ordonnance» ya muganga, wala hazihesabiwi vidonge vitatu vitatu kama hapa. Mama anayemeza dawa za presha au za sukari abebe za kutosha siku zote atakazokaa, pamoja na karatasi ya muganga wake.

Katika basi, mwonyeshe dereva mkono ili asimame, pitia mlango wa mbele, salimu, kisha pitisha tiketi kwenye mashine. Tiketi iliyonunuliwa bila kupitishwa ni kama hukulipa. Uitunze mpaka ushuke, maana wakaguzi wanaweza kuingia wakati wowote, na faini yao hailii huruma.

Neno moja juu ya valizi, kwa sababu najua mnavyoifunga. Samaki wakavu, pamoja na sambaza zetu, wanaruhusiwa kwa kiasi cha familia. Nyama na vyakula vya maziwa, pamoja na jibini ya Masisi, haviruhusiwi kuingia Ulaya katika mizigo ya msafiri. Majani mabichi, kama sombe, yanadai cheti cha afya ya mimea. Usibebe kitu kitakachokusimamisha mbele ya watu wa forodha huku Kifaransa kikikukimbia.

Somo la 6: Majirani hawasikii hodi

Hakuna kwenda kwa mtu bila kupiga simu kwanza, hata kama ni jirani wa mlango wa pili, hata kama unampelekea sahani ya chakula. Mkikutana kwenye ngazi au ndani ya lifti, «Bonjour» inatosha.

Usiku ni wa kimya. Kelele zinazosumbua majirani zinaweza kuleta polisi, na watu hujihadhari hasa kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Mama huamka saa kumi na moja kuomba, naye huomba kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa na kanisa zima. Juma la kwanza jirani wa chini aliacha barua ndogo mlangoni, yenye adabu, akisema kwamba «la dame a une belle voix», bibi yule yuko na sauti nzuri, lakini angefurahi kuisikia baadaye kidogo. Mdogo wangu alitaka kufa kwa haya. Mama alishuka mwenyewe akiwa na daftari lake, akasema: «Bonjour Madame. Pardon pour le bruit.» Tangu siku hiyo aliomba chini chini, na yule jirani alikuwa wa kwanza kuleta zawadi mtoto alipozaliwa.

Somo la 7: Majina na karatasi

Sisi tuko na nom, postnom na prénom. Postnom tuliipata tangu 1972, wakati Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Lakini fomu za Ufaransa ziko na nafasi mbili tu: «nom» na «prénom». Ukiandika leo hivi na kesho vile, utakuwa watu wawili mbele ya ofisi. Nakili majina yako jinsi yalivyo kwenye pasipoti na viza, kila mahali, bila kugeuza. Ukiona «nom de naissance», ni jina ulilozaliwa nalo, si la bwana yako.

Katika mkoba wa mkono, weka nakala ya pasipoti, nakala ya «attestation d'accueil» ambayo mtoto wako aliiomba kwenye mairie ya mji wake, na karatasi ya bima ya safari. Bima hiyo ambayo viza inaidai, ya euro 30.000 angalau, isibaki ndani ya valizi. Mgeni hana kadi ya afya ya kule. Siku ya ugonjwa, ile karatasi na namba ya simu iliyo juu yake ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Somo la 8: Namba nne za kuandika ukutani

Muganga wa haraka: 15. Polisi: 17. Wazima-moto, ambao pia huja kusaidia watu waliopata ajali: 18. Na 112, ambayo inafanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Kupiga namba hizi ni bure, hata kama hakuna kitu kwenye simu.

Kabla Mama hajaondoka, nilimwandikia karatasi moja kwa herufi kubwa: «Bonjour. C'est une urgence. Je parle un peu français. Lentement, s'il vous plaît. L'adresse est…» Mdogo wangu alijaza adresi na ghorofa, na wakaibandika juu ya frigo. Hapo kuna mtego mwingine: kule ghorofa ya chini kabisa ni «rez-de-chaussée», na «premier étage» ni ile iliyo juu yake. Ukisema vibaya, msaada utagonga mlango wa mtu mwingine.

Mtoto alikuwa na siku 12. Shemeji alikuwa kazini. Asubuhi hiyo Mama alisikia kitu kikianguka bafuni, akamkuta mdogo wangu chini, na damu nyingi. Huku kwetu angepiga kelele, na avenue nzima ingekimbia. Kule alikuwa peke yake, na milango yote ya ngazi imefungwa.

Alikwenda kwenye frigo. Akapiga 15. Aliniambia baadaye kwamba alisahau karibu kila kitu tulichosoma, lakini mdomo ulitoa «Bonjour Madame» wenyewe, kisha akasoma karatasi neno kwa neno. Halafu akaongeza ya kwake: «Ma fille. Bébé, douze jours. Du sang, beaucoup.» Mwanamke wa upande wa pili alianza kusema haraka. Mama akarudi kwenye karatasi: «Lentement, s'il vous plaît, Madame.» Naye akapunguza, akauliza maneno mawili mawili. Elle respire? Oui. Elle parle? Oui, un peu. Akamwambia asikate simu.

Kisha likaja swali ambalo mimi, mwalimu, sikuwa nimeliandika: «Le code de la porte?» Nyumba nyingi za ghorofa mjini hufunguliwa kwa namba za kubonyeza pale chini. Mama hakuelewa «code», lakini «porte» aliielewa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akashuka na simu mkononi, akafungua mlango mkubwa na kuuzuia kwa kandambili yake. Akapanda tena mguu mmoja mtupu, akakaa karibu na binti yake mpaka waganga walipofika.

Mdogo wangu alilala hospitali siku nne, akarudi. Leo ni mzima, na mtoto anatambaa.

Jioni ya siku ile Mama alinisimulia kwamba alipoachana na yule muganga kijana alimshika mikono miwili na kumwambia: «Merci, mon fils.» Nikamkumbusha somo la 2: kule tunasema «Monsieur» au «Docteur». Akanyamaza kidogo. «Mwalimu,» akanijibu, «huyo kijana aliniachia mtoto wangu akiwa hai. Ni mwanangu.» Sikuwa na la kuongeza.

Kazi ya nyumbani

Kama mtoto wako yuko Ufaransa na wewe utaenda, mpigie juma hili. Mwulize mambo manne na uyaandike kwa mkono wako mwenyewe: adresi kamili, ghorofa, code ya mlango wa chini, na jina la jirani anayeweza kuitwa. Kama haendi yeyote kwenu, chukua daftari la mjukuu wako na ujifunze naye namba kutoka 70 hadi 99 kwa namna mbili, yetu na yao.

Na mama asiyesoma, mtoto amsomee karatasi mpaka aishike kwa moyo. Si lazima uzungumze kama Mfaransa. Inatosha usalimu, uombe polepole, na useme uko wapi.